Butembo: Kabla ya kuformata mashine, fundi aonyeshe kwanza digrii za joto

Katika mji wa Butembo, mashine ikianza kuchelewa, hukumu inatolewa kabla ya kesi kusikilizwa: ina virusi, iformatiwe. Mwenyewe anaiacha kwa fundi asubuhi, anarudi jioni, analipa, anapewa kompyuta iliyo safi kama siku ya kuzaliwa. Windows mpya, Word mpya. Picha za ubatizo wa mtoto hakuna. TFC ya mdogo wake hakuna. Kwa wiki mbili tatu mashine inakwenda mbio, kiisha inachoka tena, inazimika yenyewe katikati ya kazi, na safari ya kwa fundi inaanza upya.

Mashine nyingi kati ya hizo hazina virusi. Zina homa. Prosesa, kile kipande kidogo cha silikoni chenye kufanya hesabu zote za kompyuta, kinapashwa moto na kazi yake chenyewe. Moto huo ukikosa njia ya kutoka, kinafanya kile watengenezaji walichokipangia: kinapunguza mwendo wake ili kisiungue. Mwenye mashine anaona uzito. Fundi anaona virusi. Hakuna aliyepima.

Na kupima si kazi kubwa. Hakuhitaji kufungua hata skrubu moja. Kuna programu za bure, za megabaiti chache tu, ambazo zinasoma vipimajoto vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe na kuandika digrii kwenye kioo. Basi inafaa kusemwa wazi: fundi anayeformata mashine nzito bila kusoma joto lake ni kama muuguzi anayetoa dawa ya malaria bila kupima goutte épaisse. Pengine atapatia. Lakini mgonjwa amelipa, na hakuna anayejua alikuwa anaumwa nini.

Kinachodanganya watu ni kwamba kuformata kunaleta nafuu ya kweli, kwa muda. Windows iliyowekwa jana haina programu ishirini zinazojiwasha zenyewe nyuma ya pazia, kwa hiyo prosesa inafanya kazi kidogo, joto linashuka, mwendo unarudi. Kadiri mwenyewe anavyorudisha vitu vyake, antivirusi, sasisho, programu za muziki, kazi inaongezeka na joto linapanda hadi pale pale. Vumbi lililoziba njia ya hewa halikuguswa. Kuformata hakufuti vumbi.

Njia ya joto ndani ya mashine ni fupi na inaeleweka. Juu ya prosesa kuna chuma cha shaba au alumini kinachopokea joto. Kati ya viwili hivyo kuna pasta laini, inayoziba nafasi ndogo ambazo jicho halizioni. Chuma kinapeleka joto kwenye mapezi membamba, na feni, ile ambayo mafundi wanaiita ventilateri, inapuliza hewa kati ya mapezi hayo. Pasta ikikauka, njia imekatika mwanzoni. Vumbi likijaa kwenye mapezi, imekatika mwishoni. Katika laptop iliyofanya kazi miaka mingi, mara nyingi zimekatika zote mbili, na kati ya feni na mapezi kuna kitu kinachofanana na kipande cha blanketi.

Zamani prosesa nyingine hazikujua kujilinda. Mwaka 2001 jarida la Tom's Hardware lilionyesha kwenye video jaribio la kung'oa chuma cha kupoza huku kompyuta zikifanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo na kuendelea polepole; Athlon ya AMD ya wakati ule ilitoa moshi na kufa papo hapo. Leo prosesa zote za kawaida, za kampuni zote mbili, zinajipunguza zikikaribia kikomo, na joto likizidi hata baada ya hapo, zinakata umeme bila kuuliza kama kazi imehifadhiwa. Ulinzi huo umeokoa mashine nyingi. Umeleta pia ujinga mpya, kwa sababu mashine yenye kuteseka haitoi tena moshi. Inachelewa tu, na kuchelewa kila mtu anakutafsiri anavyotaka.

Butembo ina mambo yake katika habari hii. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara za udongo linaingia kila mahali, hata ndani ya kabati lililofungwa. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1500, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi: ujazo ule ule wa hewa una uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko kando ya bahari kule Moanda. Feni inazunguka vile vile lakini inabeba joto kidogo zaidi. Baridi ya milimani inafidia sehemu ya hasara hiyo, ndiyo sababu mashine iliyovumilia Butembo inaweza kuanza kuzimika mara tu mwenyewe akihamia Kisangani au Beni. Kiisha kuna desturi za nyumbani. Laptop inawekwa juu ya blanketi kitandani, nafasi za hewa za chini zinazibwa. Kompyuta ya mezani inafunikwa kitambaa kizuri kilichofumwa ili isipate vumbi, na kitambaa hakiondolewi hata ikiwa imewashwa. Nyingine inakaa kwenye kona moja na mbabula, inavuta moshi wa makaa kila jioni.

Tena, mashine zenyewe si za jana. Wafanyabiashara wa mji wanazileta kutoka Kampala, Dubai au Ulaya zikiwa zimeshatumika miaka mingi katika ofisi za watu. Hakuna aibu ndani yake; laptop nzuri ya ofisi, hata ya zamani, inashinda laptop mpya ya bei rahisi. Ila pasta yake imekauka tangu huko ilikotoka, na muuzaji amefuta kioo na klaviye, hakufuta ndani. (Nchi inayotoa kobalti nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, na koltani inayoingia kwenye vipande vya umeme vya kompyuta, inanunua tena vitu hivyo vikiwa vimechakaa. Hilo ni jambo la makala nyingine.)

Wanaoumia ni watu wanaojulikana. Mama mwenye sekretarya karibu na soko anaishi kwa kurasa: barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, TFC za wanafunzi. Mashine moja ikizimika mara nne kwa siku, anapoteza kurasa alizoandika, anapoteza mteja aliyesimama mlangoni, na mara nyingi analaumu umeme. Kumbe dalili ya kutenganisha mambo haya mawili iko juu ya kichwa chake: taa ya chumba ikibaki inawaka na kompyuta imezimika, umeme wa nyumba haukukatika. Mwanafunzi anayebaki na siku tano kabla ya kutetea kazi yake hawezi kusubiri fundi ajaribu bahati. Kwake neno kuformata linaweza kumaanisha mwaka mzima. Ndiyo maana kosa la kuformata bila kupima si dogo: bei ya fundi ni sehemu ndogo ya hasara, kilichofutwa ndicho kikubwa.

Sasa, namna ya kupima. Kwenye Windows, programu kama HWMonitor, Core Temp au HWiNFO zinatosha. Nyingine zina toleo lisilohitaji kuingizwa, linaendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Mtu mmoja mwenye kifurushi cha intaneti anaweza kulichukua kwa watengenezaji wenyewe na kusaidia mtaa mzima. Si busara kulichukua kwa yule rafiki mwenye flashi iliyopita kwenye mashine mia, maana hapo virusi vya kweli vitaingia. Kwenye Ubuntu na jamaa zake kuna lm-sensors, na amri ya neno moja, sensors. Hata mashine isiyoweza kufungua Windows inaweza kusomwa: kompyuta nyingi za mezani zinaonyesha joto ndani ya BIOS, ingawa namba ya huko huwa juu kidogo kuliko ya mashine iliyopumzika ndani ya Windows, kwa kuwa BIOS haimpi prosesa mapumziko.

HWMonitor inaonyesha safu tatu: joto la sasa, la chini kabisa na la juu kabisa tangu programu ifunguliwe. Safu ya tatu ndiyo yenye habari. Mwenye mashine anafungua programu, anaiacha chini, anafanya kazi yake ya kawaida nusu saa, anarudi kusoma. Kwa laptop nyingi zenye prosesa za Intel Core, kikomo ni digrii 100. Kuna zenye 105 na zenye pungufu ya 100. Kwa Ryzen nyingi za AMD ni 95. Katika chumba cha Butembo chenye digrii 20 hivi, mashine yenye afya iliyopumzika inakaa kwenye 40 au 50, na kwa kazi nzito inafika 70 au 80. Laptop nyembamba inayofika 90 wakati wa kutengeneza video haijakosea sana. Lakini inayofika 95 kwa kuandika barua ndani ya Word inaumwa, na hakuna Windows mpya itakayoiponya.

Kuna namba za kupuuza pia. Kipimajoto kisichounganishwa na kitu huweza kuonyesha digrii 127, au chini ya sifuri, saa zote bila kubadilika. Mashine haiungui, ni waya usiokuwepo. Namba ya kuaminiwa ni ile inayopanda kazi ikianza na kushuka kazi ikiisha. Na namba moja peke yake haisemi mengi kuliko mfululizo: daftari la shule lenye tarehe, joto la kupumzika na joto la kazi, mara moja kwa mwezi, litaonyesha mashine ikipanda kutoka 68 hadi 75 hadi 84 kabla mtu hajahisi uzito wowote. Wenye sekretarya wanaandika kila karatasi iliyotoka. Mstari mmoja zaidi hautawachosha.

Pamoja na joto lazima kusomwe mwendo, na hapa ndipo mafundi wengi wanapotea zaidi. Ctrl, Maj na Échap zikibonyezwa pamoja zinafungua Gestionnaire des tâches. Katika ukurasa wa Performance kuna Vitesse, kwa gigahezi. Mashine yenye digrii 97 na mwendo ulioanguka inajilinda na joto. Lakini mashine yenye digrii 45, nzito kama jiwe, mwendo umeganda chini ya gigahezi 1 hata ikiwa na kazi, ina neno lingine. Mara nyingi ni chaja. Laptop za Dell, kwa mfano, zinatambua chaja yao. Zikipewa ya kuiga zisiyoitambua, zinapunguza mwendo wa prosesa kwa makusudi, na pengine betri haijai. Ujumbe unatokea kwenye kioo wakati wa kuwasha, mwenyewe anabonyeza haraka ili upite. Ni watu wangapi wameformatiwa mashine kwa ajili ya chaja, Mungu ndiye ajuaye.

Kuhusu mipangilio, kuna moja inayofanywa kwa nia njema na kuleta hasara. Fundi akitaka kumfurahisha mteja anaingia kwenye Options d'alimentation na kuchagua Performances élevées. Jina linavutia. Kwa kawaida maana yake ni kwamba kiwango cha chini cha prosesa kimewekwa asilimia 100: haishuki kupumzika hata mtu akiwa anasoma tu ukurasa mmoja. Kwenye mashine yenye vumbi ni kama kumwambia mgonjwa wa homa apande mlima akimbie. Utilisation normale ndiyo inayofaa nyumba karibu zote.

Kinyume chake kuna mpangilio mdogo ambao wachache wanaujua. Ndani ya mipangilio ya juu ya umeme, chini ya Gestion de l'alimentation du processeur, kuna État maximal du processeur. Ikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi za Intel za laptop zinaacha ule mwendo wa ziada unaoitwa turbo. Joto linaweza kushuka digrii nyingi, na anayeandika barua hataona tofauti yoyote. Baadhi ya mashine mpya zinauficha mpangilio huo. Palipo nao, ni msaada wa kweli kwa mwanafunzi anayetaka kufika siku ya kutetea kabla ya kupata pesa za kusafishiwa mashine. Msaada, si tiba. Pasta iliyokauka inabaki imekauka.

Vijana wanaofuata njia ya pili, ya kuongeza mwendo na volti za prosesa kwa kufuata video, waachie wenye vipoza vikubwa na umeme usioyumba. Kwa laptop ya mkono wa pili inayokula umeme wa jenereta, ni mchezo wa mtu anayetafuta kununua nyingine.

Kompyuta za mezani zina siri yao nyingine: betri ndogo ya duara, CR2032, yenye umbo la kifungo cha koti. Ikiisha, kila umeme ukikatika BIOS inasahau yote na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, pamoja na mpango wa feni kama mtu aliuweka. Dalili yake inajulikana na kila mtu: tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka. Katika mji wenye delestaji jambo hilo linajirudia kila siku. Betri hiyo inabadilishwa bila fundi.

Mafundi wana utetezi wao, na si wa bure. Kufungua laptop ni kazi ya saa nzima yenye skrubu za urefu tofauti na viklipu vinavyovunjika ukivitazama vibaya. Kikivunjika, mteja anadai. Pasta nzuri haipatikani kila duka, ndipo wengine wanapaka dawa ya meno, ambayo inakauka haraka na kuacha hali mbaya kuliko ya kwanza. Zaidi ya yote, mteja hataki kulipia vumbi. Akiona Windows mpya yenye rangi mpya anaona kazi. Akirudishiwa mashine ile ile yenye picha zile zile anauliza: umefanya nini?

Jibu la swali hilo ndilo digrii zenyewe. Fundi anayesoma joto mbele ya mteja wakati wa kupokea mashine, na kulisoma tena mbele yake wakati wa kuirudisha, ana ushahidi mkononi: ilikuwa 98, sasa ni 71, kwa kazi ile ile. Hapo anaweza kudai malipo yake bila aibu, hata makubwa kuliko ya kuformata, na mteja anajua alichonunua. Fundi asiyepima anabaki kuuza kitu pekee kinachoonekana kwa macho, nacho ni kufuta. Wapo mjini wanaofanya hivyo tayari, wanapuliza vumbi wakishika feni kwa kidole isizunguke ovyo, wanafuta pasta ya zamani kwa alkoholi, wanaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Hawapati sifa kwa sababu mashine zao hazirudi upesi kwao, na mteja asiyerudi hatangazi.

Kipimajoto nacho hakijui kila kitu, na ingekuwa vibaya kugeuza digrii kuwa virusi vipya vya kulaumiwa kwa kila jambo. Mashine yenye digrii 55, mwendo wa kawaida, lakini bado nzito, inaelekeza macho kwingine: diski inayokufa, ambayo programu kama CrystalDiskInfo inaweza kuisoma, au memori ya gigabaiti 2 inayobebeshwa Windows 10. Na virusi vya kweli vipo. Programu mbaya inayochimba sarafu za kidijitali bila ruhusa inapandisha joto la prosesa hata mwenyewe akiwa hagusi kitu. Hata hapo kupima kumefanya kazi yake, kwa kuwa joto lililopanda wakati wa kupumzika ndilo lililosema kuna mgeni ndani. Na ikibidi kuformata kweli, basi mafaili yanakiliwa kwanza kwenye diski nyingine, mwenyewe akiona.

Vijana wanaosoma informatique de gestion katika mji huu wanamaliza wakijua mbinu za kupanga data na wakiwa hawajawahi kusoma joto la mashine waliyoandikia TFC yao. Somo lake halihitaji maabara. Linahitaji projekta, au bila projekta, wanafunzi kumi kuzunguka laptop moja, programu ya bure kwenye flashi, na kiganja kimoja cha kuziba njia ya hewa kwa sekunde chache ili wote waone namba ikipanda, halafu ikishuka kiganja kikiondolewa. Wanaotoka hapo wakafungua kibanda cha ufundi watakuwa wamejua mapema.

Kwa wakati huu, mwenye kupeleka mashine anaweza kuuliza maneno mawili tu kabla ya kuiacha mezani: digrii ngapi? Fundi akizijua, atazionyesha kwa dakika tano. Na zinaweza kuandikwa kwenye risiti, ya kuingia na ya kutoka, pembeni ya bei.